Kikao cha Dharura Kuhusu Mjumbe Aliyebaki Ukumbini

KLABU YA NANI KAUA
(Chama cha Wasomaji wa Riwaya za Upelelezi)

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA ALHAMISI JIONI, CHUMBA CHA NYUMA, DUKA LA FUNDI CHEREHANI

WALIOHUDHURIA
1. Mkuu wa Stesheni (mstaafu): Mwenyekiti
2. Fundi Cherehani: Mwenyeji wa kikao na Mtunza Sura ya Mwisho
3. Mwalimu wa Hesabu: Mjumbe
4. Dada wa Saluni: Mweka Hazina
5. Mama Mkunga (mstaafu): Mjumbe na mtuhumiwa
6. Muuza Dawa, shemeji wa Mwenyekiti: Katibu

ASIYEHUDHURIA KWA TAARIFA
Mke wa Mwenyekiti, mjumbe wa heshima. Alituma ujumbe kwamba amechoka kuishi na maiti za kwenye vitabu.

ASIYEHUDHURIA BILA TAARIFA
Hakuna.

AJENDA
1. Kufungua kikao
2. Taarifa ya tamasha
3. Tuhuma dhidi ya Mama Mkunga
4. Utetezi
5. Mengineyo

KUMB. NA. 1/DHR: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kupuliza filimbi yake ya stesheni. Fundi alikumbusha kwamba chumba ni kidogo na jirani ameshalalamika. Mwenyekiti alijibu kwamba jirani anakaribishwa kujiunga.

Mwalimu aliuliza inakuwaje kikao kiitwe cha dharura wakati kimetangazwa wiki nzima. Mwenyekiti alimwomba Mwalimu akae. Mwalimu alieleza kwamba amekaa.

Mwenyekiti aliagiza utaratibu wa klabu uandikwe upya hapa, ili asitokee mtu wa kusema hakuujua. Utaratibu ni huu. Klabu hununua nakala moja tu ya kitabu. Kabla usomaji haujaanza, Fundi hushona kurasa za sura ya mwisho kwa uzi mwekundu zisifunguke. Hushona huku akitazama ukutani asije akaona neno, na mshono wenyewe, jinsi ulivyopinda, ni ushahidi wa hilo. Kila Alhamisi husomwa sura moja kwa sauti. Mwisho wa kila sura kila mjumbe hutaja anayemshuku, kisha wajumbe hubishana. Sura zikiisha, kila mmoja hupiga kura ya mwisho, na hapo ndipo uzi hukatwa.

Kanuni ya Tatu inasema: Anayejua hakai na asiyejua.

Kitabu kinachosomwa sasa ni kile cha mpima ardhi aliyekutwa amekufa kwenye chumba cha nyumba ya wageni, mlango umefungwa kwa ndani.

KUMB. NA. 2/DHR: TAARIFA YA TAMASHA

Katibu alisoma taarifa fupi. Wajumbe wote sita walihudhuria Tamasha la Riwaya za Upelelezi katika ukumbi wa chuo cha ufundi na kusikiliza mazungumzo ya waandishi watatu.

Mwandishi wa kwanza alisema kwamba anapoanza kuandika hajui muuaji ni nani, na kwamba wahusika humwambia wenyewe huko mbele ya safari. Mwalimu alisimama akamuuliza, kama hajui muuaji, ushahidi anaupanda vipi. Mwandishi alitabasamu na kusema huo ni ufundi. Mwalimu alikaa na hakupiga makofi hadi mwisho. Aliomba iandikwe kwamba hakupiga makofi kwa makusudi. Imeandikwa.

Mwandishi wa pili aliwahi kuwa askari mpelelezi. Alisema kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuona watuhumiwa wakikusanywa sebuleni na kuambiwa mmoja mmoja nani alifanya nini. Alisema wengi hukamatwa kwa sababu wamejisifu kwa shemeji zao. Mwenyekiti aliumizwa na maelezo hayo, akanywa chai bila kugusa kitafunwa. Katibu, ambaye ni shemeji wa mtu, hana la kuongeza.

Mwandishi wa tatu ndiye aliyeandika kitabu chetu cha mpima ardhi. Kwa kuwa klabu ilikuwa katikati ya kitabu, Mwenyekiti alikuwa amemwendea msichana wa mlangoni na kumweleza kwamba mwisho wa hadithi usitajwe kabisa. Msichana alimjibu, "Sawa, mzee." Mwenyekiti aliichukulia sawa hiyo kuwa ni mkataba. Mwalimu aliomba iandikwe kwamba yeye alionya. Imeandikwa.

Muda si mrefu mwendesha mazungumzo akamuuliza Mwandishi alijua lini kwamba muuaji atakuwa yule aliyekuwa. Mwandishi akavuta pumzi na kusema, "Ngoja niwaambie tu, maana wengi mmeshasoma." Hapo Mwenyekiti alipuliza filimbi. Wajumbe walitia vidole masikioni kama walivyofundishwa, wakanyanyuka na kutoka kwa mstari, kila mmoja akivuma wimbo wake ili asisikie kitu. Palitokea shida mlangoni kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mkono wa kufungulia. Fundi alifungua kwa goti.

Walipofika koridoni ilibainika kwamba wametoka watano. Mama Mkunga alikuwa amebaki kwenye kiti chake, safu ya mbele.

KUMB. NA. 3/DHR: TUHUMA DHIDI YA MAMA MKUNGA

Mwenyekiti alisimama akasoma tuhuma kwa sauti ile aliyokuwa akitangazia treni zilizochelewa. Alisema kwamba Mama Mkunga alibaki ukumbini kwa hiari yake, akausikia mwisho wa kitabu, kisha Alhamisi iliyofuata akaja kusomewa na wenzake kana kwamba hakuna lililotokea. Alisema anayo dalili. Tangu sura ya kwanza Mama Mkunga alikuwa anamshuku mpishi wa nyumba ya wageni, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Mara tu baada ya tamasha akamwacha mpishi na kumhamia mke wa marehemu. Mwenyekiti alisema mtu habadiliki hivi hivi.

Mama Mkunga aliomba nafasi akasema, "Mpishi amekufa, Mwenyekiti. Kauawa Alhamisi iliyopita, tena kwa sumu ileile. Ulikuwa umelala?"

Mwenyekiti alieleza kwamba huwa anafumba macho ili asikilize vizuri. Dada wa Saluni alithibitisha kwamba Mwenyekiti alikuwa akisikiliza kwa kukoroma. Mwenyekiti aliomba hilo liondolewe. Ilikubaliwa liondolewe baadaye.

Mama Mkunga alisema kwamba haya si mageni. Ndiye aliyewapokea watoto wote wa Mwenyekiti walipozaliwa, na hata siku ile ya mtoto wa kwanza Mwenyekiti aliingia wodini akiwa wima na kutolewa akiwa amelala. Mwenyekiti alisema suala la kuzimia lilishafungwa katika vikao vilivyopita na halifunguliwi tena.

Mwenyekiti kisha alipendekeza kwamba, kwa mujibu wa Kanuni ya Tatu, Mama Mkunga asimamishwe hadi kitabu kitakapokwisha, halafu arudi kwenye kitabu kijacho bila kinyongo. Aliuliza nani anaunga mkono. Wajumbe walitazama vitambaa vilivyokuwa mezani. Dada wa Saluni aliunga mkono kwa sauti ndogo, ikabidi arudie.

Mama Mkunga alisema, na Katibu ananukuu kama alivyosema: "Basi niageni kabisa. Mwisho wa mwezi nahama. Mwanangu kajifungua mapacha na mumewe kazi yake ni ya safari, leo yuko huku, kesho kule. Siendi kutembea, naenda kuishi. Nyumba nimeshapata mpangaji. Sura zilizobaki ni nyingi kuliko Alhamisi zangu. Mkinisimamisha leo, hiki ndicho kikao changu cha mwisho."

Hakuna mjumbe aliyekuwa na habari hizo isipokuwa Fundi, aliyeletewa begi la safari abadilishe zipu na ambaye hakuuliza. Aliulizwa kwa nini hakuuliza. Alisema alihofia kujibiwa.

Mama Mkunga aliongeza kwamba tangu astaafu, Alhamisi ndiyo siku pekee anayovaa viatu vya kutokea. Siku nyingine zote anashinda na kandambili. Alisema hakuwa amepanga kulisema hilo na kwamba Katibu anaweza kuliacha. Katibu hakuliacha.

Mwenyekiti aliketi. Aliiweka filimbi mezani, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba kanuni ni kanuni na kwamba mtuhumiwa ana haki ya kujitetea.

KUMB. NA. 4/DHR: UTETEZI

Mama Mkunga aliulizwa kama alibaki ukumbini. Alikubali. Aliulizwa kama alisikia. Alisema hakusikia hata neno moja.

Alieleza kwamba yeye hategemei vidole, kwa kuwa vidole huchoka. Alikwenda kwenye tamasha na pamba kwenye mkoba, akaiviringa na kuizibia masikio mara tu mwendesha mazungumzo alipofungua mdomo. Kisha akakaa pale akimtazama Mwandishi bila kusikia kitu, kama mtu anayetazama samaki kwenye chupa.

Mwalimu aliuliza, kama ni hivyo, kwa nini asitoke na wenzake.

Mama Mkunga alijibu, "Mlitoka mmemwona yule dada mwandishi? Mimi nilimwona. Watu wanasimama mbele yake, wamejiziba masikio, mashavu yamevimba kwa kuvuma, na mmoja ana filimbi mdomoni. Alikuwa kashika glasi ya maji, maji yanamwagika mezani naye haoni. Alidhani mmemsusa. Mtu kaandika kitabu peke yake miaka mingapi sijui, halafu anatazama migongo yenu. Mimi nimeshakaa na wanawake wakati kila mtu anatoka chumbani. Sikuweza kunyanyuka."

Alisema mazungumzo yalipokwisha alimfuata Mwandishi na kumweleza habari ya klabu, uzi mwekundu na Kanuni ya Tatu. Mwandishi alicheka hadi akashika meza, kisha akauliza klabu inamshuku nani. Mama Mkunga alimwambia ni mpishi, maana wakati huo mpishi alikuwa bado hai. Mwandishi alimtazama bila kupepesa macho na kumwambia, "Endelea kusoma, mama." Alitaka kukisaini kitabu, lakini Mwenyekiti alikuwa amekikimbiza nje.

Mwenyekiti alisema hakujua habari ya glasi. Wajumbe wengine nao walisema hawakujua. Palikuwa na aibu chumbani na Katibu anaiandika kama aibu.

Hata hivyo Mwalimu alisema kwamba pamba ni dai tu, na dai hupimwa. Alipendekeza jaribio, likakubaliwa. Mama Mkunga alitoa pamba kwenye mkoba, akaziba masikio, akageuziwa kiti kikatazama sanamu ya dirishani iliyovaa koti lisilo na mikono. Wajumbe walisimama nyuma yake, kila mmoja aseme jambo la kumgeuza.

Dada wa Saluni alisema kwamba zile nywele alizomtengeneza Mama Mkunga mwezi uliopita zilikuwa za makosa, na kwamba dawa ilizidi. Mama Mkunga hakugeuka. Dada wa Saluni alionekana kupata nafuu.

Fundi alisema begi limekamilika na hatatoza kitu. Hakugeuka.

Mwalimu alisema yuko tayari kukiri kwamba katika kitabu kile cha daktari wa meno, Mama Mkunga ndiye aliyekuwa sahihi na yeye Mwalimu alikosea. Hakugeuka. Mwalimu aliomba iandikwe kwamba ukiri huo ulikuwa wa jaribio tu.

Wakati huo aliingia mteja wa Fundi kuchukua suruali. Aliwakuta watu wazima wamejipanga nyuma ya mama aliyezibwa masikio, wakimsemesha kisogo. Alichukua suruali yake bila kuijaribu na kuondoka.

Ikawa zamu ya Mwenyekiti. Alisogea hadi karibu na kiti. Kisha alisema: "Nenda tu kwa mwanao. Ni haki yako. Ila mimi nitabishana na nani? Hawa wengine wananikubalia tu." Mwalimu alinyoosha mkono kupinga. Mwenyekiti aliendelea kwamba alipostaafu alikaa nyumbani akisikiliza treni za watu wengine zikipita, hadi Mama Mkunga alipomgongea mlango na kumwambia kuna chumba nyuma ya duka la Fundi ambako watu wanasoma habari za mauaji. Alisema hakuwahi kumshukuru na sasa muda umemtupa mkono.

Mama Mkunga hakugeuka. Alikuwa akiichunguza sanamu na koti lake.

Mwenyekiti alijifuta uso na kuagiza maneno yake yasiandikwe. Katibu alikuwa ameshayaandika. Ameyaacha kwa kuwa kumbukumbu za klabu hupelekewa kila mjumbe, popote alipo.

Ilithibitishwa kwamba Mama Mkunga akiwa na pamba hasikii.

KUMB. NA. 5/DHR: HOJA YA MAMA MKUNGA

Mama Mkunga alitoa pamba na kuuliza walikuwa wanasema nini. Wajumbe walijibu kwa pamoja kwamba hakuna la maana.

Mwenyekiti alikuwa anataka kufuta tuhuma, lakini Mama Mkunga aliomba kwanza aulize jambo lililokuwa likimkera tangu Alhamisi iliyopita. Alisema: "Tangu turudi kwenye tamasha mmekuwa wapole mno. Mpishi kafa, mtu ambaye nilimshuku tangu mwanzo, na hakuna aliyenicheka. Nikamtaja mke wa marehemu. Mwalimu akaniambia, 'Inawezekana.' Mwalimu huyu. Inawezekana. Na wewe Mwenyekiti ukasema ni wazo zuri, tukafunga mapema. Jirani aliniuliza njiani kama kuna mgonjwa."

Fundi alianza kukunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa.

Mama Mkunga alisema kwamba klabu hii haijawahi kumaliza sura bila mtu kununa. Watu wasiojua hubishana. Wanaoacha kubishana ni wale ambao hawana tena cha kutafuta. Kisha akamgeukia kila mjumbe mmoja mmoja na kumtazama, na Katibu anakiri kwamba ingawa askari mstaafu alisema jambo hilo halipo, chumba kilikuwa kimeshakuwa sebule ya mwisho wa kitabu.

Aliyevunjika wa kwanza ni Dada wa Saluni. Alisema, "Mama, nisamehe. Kulikuwa na spika."

Aliombwa aeleze. Alisema kwamba waandaaji walikuwa wametundika spika kubwa koridoni, juu ya mlango, kwa ajili ya watu waliokosa viti. Klabu ilikimbia kutoka ukumbini ikaenda kusimama chini yake. Mlango ulipojifunga nyuma yao, kila mmoja alijiona amesalimika, akatoa vidole masikioni apumue. Hapo sauti ya Mwandishi ikateremka juu ya vichwa vyao na kumtaja muuaji kwa jina, ikaeleza na sababu, kisha ikamtaja tena.

Dada wa Saluni alisema alitazama viatu vyake. Alipoinua macho aliwaona wenzake wanatazama vyao. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Walikwenda kunywa chai.

Fundi alikiri. Alisema alidhani amesikia peke yake kwa sababu wenzake walikuwa bado wanavuma, na alipanga kulichukua jambo hilo hadi kaburini.

Mwalimu alikiri kwamba alisikia, lakini alisema hakushawishika, kwa kuwa sababu iliyotolewa na Mwandishi ina kasoro. Alitaka kuifafanua kasoro hiyo. Alizuiwa na wajumbe wanne kwa mikono.

Katibu aliulizwa. Alijibu kwamba kazi yake ni kuandika, si kuulizwa. Aliulizwa tena. Alisikia.

Mwenyekiti alisema yeye alisikia nusu ya jina tu, ile ya mwisho. Mwalimu alieleza kwamba katika kitabu kile nusu hiyo inatosha. Mwenyekiti alikiri.

Mama Mkunga alimuuliza kwa nini basi amshitaki yeye. Mwenyekiti alijibu, "Nilidhani nikiwa mkali, hakuna atakayenishuku mimi." Fundi alisema kwamba hivyo ndivyo walivyodhani wauaji wote tuliowahi kuwasoma humu ndani. Mama Mkunga hakukasirika. Alicheka mpaka akaomba maji, na wengine wakacheka kwa sababu yeye amecheka, ingawa walikuwa bado wanaona haya.

Mwenyekiti aliomba radhi mbele ya kikao. Alifuta tuhuma zote na kueleza kwamba, kwa hesabu ya sasa, mjumbe pekee anayestahili kukisoma kitabu hiki ni yule aliyeletwa hapa kufukuzwa.

KUMB. NA. 6/DHR: UTEKELEZAJI WA KANUNI YA TATU

Mwalimu alikumbusha kwamba Kanuni ya Tatu bado ipo na haichagui. Anayejua hakai na asiyejua. Wajumbe watano wanajua. Kwa hiyo watano watoke.

Wajumbe walitoka na kusimama barazani, akiwemo Fundi, ambaye duka ni lake. Mama Mkunga alibaki ndani peke yake na kitabu, sanamu na pasi iliyokuwa bado ya moto. Fundi alimwomba kupitia dirishani aizime. Aliizima.

Baada ya kitambo Mwalimu alisema dirishani kwamba mtu mmoja hafikishi akidi na kikao si halali. Mama Mkunga alijibu kutoka ndani kwamba yeye ndiye mjumbe pekee halali aliyebaki, kwa hiyo akidi ni yeye. Mwalimu alikubali kwamba hesabu hiyo ni sahihi. Aliomba hilo lisiandikwe.

Mama Mkunga, akiwa kikao, alipendekeza kanuni ibadilishwe, akajiunga mkono mwenyewe, akapitisha. Aliwaita wajumbe warudi ndani na kuwasomea maamuzi yafuatayo:

(a) Wanaojua watakaa na asiyejua, na watafunga midomo.

(b) Usomaji utaendelea kama kawaida, sura moja kila Alhamisi. Dada wa Saluni alikuwa amependekeza zisomwe sura zote usiku huohuo ili Mama Mkunga amalize kabla ya kuhama. Mama Mkunga alikataa. Alisema hataki kumalizishwa. Anataka kusoma.

(c) Wajumbe watambishia. Alisema, "Hata kama mnajua, nibishieni. Nikisema ni mke, niambieni sina akili. Nikipatia, niambieni nimekosea. Nikikosea, msinihurumie. Kitabu nitakisoma popote, ila huko niendako hakuna mtu atakayeninunia kwa ajili ya mpima ardhi."

Mwalimu alisema yuko tayari kuanza sasa hivi, kwani hoja ya mke ni dhaifu kupindukia. Mama Mkunga alimshukuru.

(d) Kuhusu Alhamisi zitakazokuja baada ya kuhama, Dada wa Saluni alisema kwa woga kwamba siku hizi watu hupigiana simu. Ikumbukwe kwamba Mwenyekiti ndiye aliyepiga marufuku simu katika chumba hiki. Wajumbe walimtazama. Mwenyekiti alisema apigiwe kila Alhamisi, asomewe, na abishane kama wengine. Alitoa sharti moja: simu isiwekwe mezani. Iwekwe kwenye kiti cha Mama Mkunga, na kiti hicho kisikaliwe na mtu.

Maamuzi yote yalipitishwa. Hakuna aliyepinga, na Mama Mkunga alilalamika papo hapo kwamba wameshaanza upole wao.

KUMB. NA. 7/DHR: KUTAJA MSHUKIWA

Kwa kuwa ni Alhamisi, na kwa kuwa hakuna sura iliyosomwa, Mwenyekiti alisema si vizuri watu waondoke bila walau kutaja wanayemshuku. Ilikubaliwa kwamba ataje Mama Mkunga pekee, kwa kuwa kwa wengine ingekuwa maigizo.

Mama Mkunga alisimama. Alisema hawezi kutaja jina wakati watu watano wanaojua jibu wanamkodolea macho. Alisema Dada wa Saluni uso wake ni dirisha, Fundi hupepesa macho, na Mwenyekiti hushikashika filimbi yake. Aliwaomba wote wageuke wautazame ukuta.

Wajumbe waligeuka. Ukuta una kalenda ya zamani, vipande vya chaki na alama za vidole vya Fundi.

Mama Mkunga hakutaja haraka. Alisema, kama mtu anayejisemea, kwamba ni kitambo hajapata watu wa kugeukia ukuta kwa ajili yake. Alisema atawakumbuka, kila mmoja na ubishi wake. Alisema anaogopa kidogo huko anakokwenda, mjini kwa watu, atakuwa bibi wa mapacha tu na hakuna atakayemuuliza anamshuku nani. Kisha akamtaja mshukiwa wake, kwa sauti kamili.

Jina alilolitaja halitaandikwa humu, wala kama ni sahihi au si sahihi.

Mwenyekiti, akiwa bado anautazama ukuta, alisema, "Umekosea, Mama. Huna akili hata kidogo." Mama Mkunga alisema, "Asante, baba."

Baada ya hapo alisikika mjumbe akilia. Mwalimu ametaka iandikwe kwamba si yeye. Katibu hawezi kuandika alikuwa nani, kwa kuwa naye alikuwa ameelekea ukutani na hakuona vizuri.

KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa moja jioni, baada ya wajumbe kuruhusiwa kugeuka.

Zimesainiwa na:

................................
Mkuu wa Stesheni (mstaafu)
MWENYEKITI

................................
Muuza Dawa
KATIBU